Nani atalijibia shairi lililotungwa kwa mashine?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe maoni yangu kuhusu jambo ambalo limeanza kuwagawa watunzi wa mashairi, wachoraji na wanamuziki, nalo ni kushirikiana na mashine za akili mnemba katika kazi ya sanaa. Nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, nimetunga mashairi tangu ujana wangu, na kwa muda mrefu niliamini kwamba mjadala huu ni wa vijana wa mijini na haunihusu. Mwaka huu mjadala huo umenifikia msibani, na tangu siku hiyo sijaacha kuufikiria.

Rafiki yangu wa zaidi ya miaka thelathini, fundi cherehani aliyekuwa na kibaraza chake hapa Ngamiani, Tanga, alifariki, na familia yake ikaniomba nitunge shairi la kusomwa siku ya hitima. Nilikaa na karatasi usiku mzima, huzuni imenibana, neno halitoki. Mjukuu wangu, kwa nia njema kabisa, aliandika maelezo machache katika simu yake, na kabla chai yangu haijapoa nikawa na beti sita mbele yangu. Ubeti wa kwanza ulianza hivi: “Mvuvi hodari wa bahari, ametuachia huzuni.” Jicho la mwalimu lilikwenda kwanza kwenye hesabu, nikaona kwamba ukwapi, yaani kipande cha kwanza cha mstari, una mizani (silabi) 10 na utao, kipande cha pili, una mizani 9, ilhali shairi nililoombwa lilitakiwa kuwa la mizani 8 kwa 8. Lakini kilichoniumiza hasa hakikuwa hesabu. Marehemu hakuwa mvuvi. Aliogopa bahari maisha yake yote, kiasi kwamba hata harusi ya ndugu yake wa damu huko Pemba hakuihudhuria kwa sababu ya kuogopa kupanda chombo. Mjukuu alikuwa ametaja mzee na ametaja Tanga, na mashine, nadhani kwa kuwa wazee wa pwani katika maandishi iliyolishwa ni wavuvi, ikamfanya naye mvuvi.

Kijana alipoieleza kwamba marehemu alikuwa fundi cherehani, ilitoa mistari mingine karibu arobaini, yote ya sindano, uzi na mkasi, ambayo ungeweza kuisoma katika msiba wa fundi yeyote wa mji wowote. Katikati ya mistari hiyo palikuwa na neno pindo, limetumika kwa maana nyepesi tu ya kwamba maisha yana mwisho. Nilisimama hapo. Nilimkumbuka marehemu akifumua pindo la kanzu iliyokwisha kushonwa na mwanafunzi wake, kisha akilishona upya kwa mkono, ingawa mteja asingeligeuza kulitazama. Ndipo shairi likaanza kutoka, na mistari yake miwili ya mwanzo ikawa hii:

Uzi umekwisha ndani, fundi kalaza mkono,
Pindo halipo machoni, bali lashika mshono.

Baada ya hitima, mjane aliniita kando akaniuliza, “Mwalimu, hilo neno la pindo ulilisikia kwake?” Kumbe mumewe alikuwa na mazoea ya kuwaambia wanafunzi wake kwamba pindo ndilo linaloonyesha kama fundi alikuwa na haraka, jambo ambalo mimi sikuwahi kulisikia. Nilimweleza ukweli, kwamba neno lenyewe nililikuta katika simu ya mjukuu wangu. Akauliza, “Na hiyo simu ilimjuaje?” Nikamjibu kwamba haikumjua, mimi ndiye niliyemjua, na ndiyo sababu niliokota hilo moja nikayaacha mengine yote. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniomba nimwandikie nakala kwa mkono.

Swali la mama yule limenisaidia kuliko mengi niliyoyasoma kuhusu mada hii. Hakuniuliza kama mashine ina akili, wala kama inaweza kuhisi uchungu. Aliuliza neno limetoka wapi, akaangalia ni nani atakayejibu. Naamini kwamba hapo ndipo penye kiini cha suala zima: kazi ya sanaa iliyofanywa pamoja na mashine ni ya yule anayeweza kusimama mbele ya watu na kuijibia, neno kwa neno na mstari kwa mstari, na pasipo mtu wa namna hiyo, tulichonacho ni maandishi tu, hata yakiwa na vina vizuri namna gani.

Wapo wanaosema kwamba mashine hii ni chombo kama kalamu, na kwamba anayeikataa ni sawa na yule aliyekataa taipureta. Siafikiani nao. Kalamu haijawahi kunipendekezea neno. Nikiishika usiku mzima pasipo kuandika, asubuhi karatasi itakuwa nyeupe, na weupe huo ni ushahidi wa kweli wa hali yangu. Mashine hii hupendekeza, na hupendekeza bila kuchoka, kwa hiyo kazi ya mtunzi inabadilika: zamani shida ilikuwa kulipata neno, sasa shida ni kuyakataa maneno mengi yanayokuja yakiwa yamevaa vizuri. Kukataa ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu mtu aliyechoka au aliyefiwa hupokea cha kwanza kinachofanana na alichokitaka.

Jambo hili si geni hata katika historia ya mashine zenyewe. Katikati ya miaka ya 1950, Lejaren Hiller na Leonard Isaacson wa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani waliitumia kompyuta iliyoitwa ILLIAC kutunga muziki wa wapigaji wanne wa ala za nyuzi. Kompyuta ilitoa noti kwa bahati nasibu, kisha kila noti ikapimwa kwa kanuni za zamani za muziki wa Ulaya, na iliyovunja kanuni ikatupwa. Kwa maneno mengine, walichokiandika watu wale wawili hakikuwa muziki bali namna ya kukataa. Katika miaka hiyo hiyo, mwaka 1954, Sheikh Kaluta Amri Abedi alichapisha kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, ambacho wengi wetu tulijifunza kwacho vina, mizani na kituo, yaani mstari wa kufungia ubeti. Nikivitazama viwili hivi pamoja, naona kwamba sheria za mashairi nazo ni chujio, na kwamba si vigumu kumfundisha mtu, au hata mashine, kuhesabu mizani na kulikataa shairi guni, yaani lililovunja sheria hizo. Lakini chujio hilo lingemzuia yule mvuvi kwa sababu tu alikuja na mizani 10. Siku atakapokuja na mizani 8, vina vimelingana na kituo kimekaza, sheria zitampitisha, na atakayemzuia ni mtu aliyekaa barazani na marehemu akamsikia akikataa kwenda Pemba.

Kwa wanaodhani kwamba kushirikiana na mashine ni kutafuta urahisi, ningependa wamtazame Harold Cohen. Alikuwa mchoraji Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1928, na mwaka 1966 alikuwa miongoni mwa wasanii walioiwakilisha Uingereza katika maonyesho ya Venice. Mwaka 1968, akiwa na jina kubwa tayari, alihamia Chuo Kikuu cha California huko San Diego, akajifunza kuandika programu, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaanza kuijenga programu ya kuchora aliyoiita AARON. Aliendelea nayo hadi alipofariki mwaka 2016, yaani zaidi ya miaka arobaini akiwa na mwenzi mmoja wa kazi. AARON haikufunzwa kwa kulishwa picha za watu wengine kama zinavyofunzwa mashine za leo. Kila ilichokijua, Cohen alilazimika kwanza kujiuliza yeye mwenyewe anakijuaje, kisha akakiandika kama kanuni: kwamba mstari ukijifunga unazaa ndani na nje, kwamba umbo lililo mbele hulikata lililo nyuma, kwamba mkono wa mtu huungana na bega mahali fulani na haupindi upande wowote ule. Mwaka 1979, katika jumba la makumbusho ya sanaa huko San Francisco, watu walikitazama chombo kidogo cha magurudumu kikitambaa juu ya karatasi kubwa sakafuni na kuchora kwa amri za programu hiyo.

Kwa miaka mingi mashine ilichora mistari tu, na Cohen ndiye aliyetia rangi kwa mkono wake. Rangi ilimsumbua mno, kwa sababu mchoraji huchagua rangi kwa kutazama, na mashine yake haikuwa na macho. Hatimaye, katika miaka ya 1990, alipata njia ya kuifundisha rangi kwa kanuni, akaijengea mtambo wa kuchanganya na kupaka, na mwaka 1995 mtambo huo ukaonyeshwa katika makumbusho ya kompyuta huko Boston. Mtu angetegemea kwamba huo ndio ungekuwa mwisho wa safari, mashine imehitimu na mwalimu anaweza kwenda kupumzika. Haikuwa hivyo. Katika miaka yake ya mwisho Cohen alirudi kutia rangi yeye mwenyewe, kwa vidole, kwenye kioo kikubwa cha kompyuta, juu ya mistari iliyochorwa na AARON. Mimi nalielewa hivi: aliipa mashine uwezo wote aliokuwa ameuota, kisha akagundua kwamba alichokuwa akikipenda ni mazungumzo kati yao, na mazungumzo hayawezekani ikiwa upande mmoja umeondoka chumbani. Nimewahi kuona jambo hilo hilo darasani, ambapo mwalimu aliyepata kitabu kinachofundisha kila kitu hurudi ubaoni na chaki kwa sababu amekosa kuulizwa.

Nikitaka mfano wa karibu zaidi, sina haja ya kwenda mbali kuliko kanga. Kanga ni sanaa ya mashine tangu zamani. Zimechapwa viwandani India, Ulaya na Japani, na hapa nyumbani wengi tunazikumbuka za kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1960. Kanga ina mji wake wa katikati, ina pindo lake, ina jina lake, yaani maneno yaliyochapwa juu yake, na doti elfu kwa elfu hutoka zikiwa na maneno yale yale. Lakini mwanamke akiichagua moja dukani kati ya zilizotundikwa, akaivaa siku anayojua kwamba mtu fulani atapita uchochoroni, maneno yale yamekuwa yake, na aliyelengwa hana shaka ni nani aliyesema. Akitaka kujibu, atatafuta kanga nyingine yenye jina la kujibia. Hakuna anayekwenda kugombana na kiwanda. Mvaaji hakuyatunga maneno, hakuuchora mji wala pindo, na bado amesema, kwa sababu amechagua, amechagua wakati na mahali, na yuko tayari kwa yatakayofuata.

Hapo wenzangu wanaotaka mashine zipigwe marufuku kabisa watakuwa wameona kwamba siungani nao. Maneno yasiyo yangu kwa asili yanaweza kuwa yangu kwa kuyachagua na kuyabeba. Hata hivyo mfano wa kanga una upande wa pili ambao wale wa kambi nyingine wasiusahau. Mvaaji wa kanga hajawahi kudai kwamba yeye ndiye aliyeitunga methali iliyoko kiunoni mwake, na kila anayeisoma anajua kwamba imechapwa. Hakuna aliyedanganywa. Mtu anayeleta gazetini beti kumi na mbili zilizotoka kwenye simu, akaweka chini yake lakabu yake ya utunzi na anuani yake, anawaambia wasomaji jambo ambalo si kweli, na mtunzi kijana anayezisoma huko Newala au Kigoma anajipima kwa kipimo cha uongo, akidhani kwamba wenzake huandika kwa wepesi ambao yeye hana.

Uficho huu una sura nyingine iliyo kubwa zaidi. Mwezi Oktoba 2018, picha ya mtu wa kubuni aliyepewa jina Edmond de Belamy, iliyotengenezwa kwa mashine na kikundi cha Wafaransa, iliuzwa na Christie's huko New York kwa dola 432,500 za Marekani. Pale pembeni ambapo mchoraji huweka sahihi yake, waliweka fomula ya hisabati. Mashine ilikuwa imefunzwa kwa maelfu ya picha zilizochorwa na watu kwa karne kadhaa, na sehemu ya programu iliyotumika ilitokana na kazi ya kijana mwingine, Robbie Barrat, aliyekuwa ameiweka intanetini wazi kwa kila mtu. Wachoraji wale hawakutajwa katika picha, kijana yule hakutajwa katika picha, na hata wale waliouza walijificha nyuma ya fomula. Nikijaribu kumuuliza mtu swali la mjane wa rafiki yangu mbele ya picha ile, sioni nimwelekee nani.

Na tukumbuke kwamba mashine za leo hubeba ndani yake watu wengi zaidi. Hazina moja ya kufunzia mashine za picha, iliyotolewa mwaka 2022 kwa jina la LAION-5B, ilikuwa na jozi zaidi ya bilioni 5 za picha na maelezo yake, zilizokusanywa kutoka intanetini bila wenye kazi kuulizwa mmoja mmoja. Kwa hiyo anayesema “nilikuwa peke yangu na mashine” hakuwa peke yake. Alikuwa na umati usio na majina. Sisemi kwamba kila atumiaye mashine ni mwizi. Mtunzi wa mashairi naye amelelewa na sauti za waliomtangulia, na hakuna anayemdai orodha yao. Tofauti ni kwamba mimi nikiulizwa nani aliyenifundisha kukaza kituo, ninaweza kumtaja, ninaweza kumshukuru, na kama nimemwibia mstari, mwanawe anaweza kunifuata nyumbani.

Desturi yetu ya ushairi imejengwa juu ya uwezekano huo wa kufuatwa. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, hakutunga kwa ajili ya rafu za vitabu. Alitunga akijibu na akijibiwa, na mashairi aliyorushiana na malenga wa Lamu yalikuwa sehemu ya ugomvi wa kweli wa miji. Kurasa za mashairi za magazeti yetu zimeirithi kazi hiyo: mtu anauliza kwa shairi, mwingine anajibu kwa bahari ile ile, yaani aina ile ile ya utungo, wa tatu anawasuluhisha, na malumbano yanaweza kuendelea miezi kadhaa hadi wasomaji wachague upande. Haya yote yanategemea kwamba nyuma ya kila shairi kuna mtu anayeweza kukosea, akarudi wiki ijayo akakiri au akashikilia msimamo wake. Mashine ukiipinga inakubaliana nawe papo hapo, na ukiipinga kwa upande wa pili inakubali pia. Nimelijaribu hilo mwenyewe katika simu ya mjukuu wangu: niliiambia kwamba pindo ni neno baya kwa msiba, ikaniomba radhi na kulifuta, nikaiambia kwamba ni neno zuri, ikalirudisha kwa sifa. Huwezi kulumbana na asiye na cha kupoteza.

Kwa hiyo ombi langu, Mhariri, ni hili. Usiyafungie mlango mashairi ambayo mashine imeshiriki kuyatunga, kwa kuwa marufuku itawafunga wakweli na kuwapitisha wanaoficha, na kwa kuwa mimi mwenyewe nisingelipata neno lile bila msaada huo. Mtake kila mtunzi aandike chini ya shairi lake, kwa sentensi moja ya kawaida, jinsi lilivyotungwa: kama alitafuta vina tu, kama alichukua mistari, kama wazo lenyewe halikuwa lake. Na pale unapopata shaka, usitafute programu ya kukamata programu nyingine, maana sidhani kama zinaaminika. Mpigie mtunzi simu umuulize kwa nini alichagua neno hili akaacha lile. Mwenye shairi atakueleza hadi salio lako liishe.

Pamoja na barua hii nimeambatisha shairi la marehemu rafiki yangu, kwa ruhusa ya mjane wake, na zile beti sita za mwanzo pamoja na ile mistari karibu arobaini ya mashine kama nilivyoipokea, yule mvuvi akiwemo. Ukiona inafaa, chapisha yote mawili katika ukurasa mmoja ili wasomaji wapime wenyewe. Mwenye swali au pingamizi juu ya neno lolote la lile shairi langu, alilete kwa mizani 8 kwa 8, nami nitamjibu katika toleo litakalofuata.

Wako katika ujenzi wa lugha,

Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga.